Silki Mweupe na Wageni wa Mashuuru

Asubuhi ya siku ile mama mkwe wangu alinikuta uani nimepiga magoti, naosha miguu ya jogoo kwa mswaki. Alisimama na kikombe chake cha chai, akanitazama mpaka nikamaliza mguu mmoja, kisha akasema, "Mume wako hukuwahi kumwosha miguu." Nikashika mguu wa pili. Ningemjibu tungeanza siku kwa vita, na siku ile sikuwa na nafasi ya vita.

Jogoo mwenyewe ni brama, yule kuku mkubwa mwenye manyoya mpaka kwenye vidole. Udongo wa Kitengela ni mweusi na unanata. Mvua ikinyesha kidogo tu, brama anatembea amevaa buti za tope, na wateja wangu hawataki tope. Hao ni watu waliojenga nyumba kubwa, wakapanda ukoka, wakaweka taa za bustani na kiti cha kuning'inia, halafu wakakaa nje jioni wakaona bado kuna kitu kinakosekana. Hapo ndipo wananipigia simu. Kuku wangu si wa supu, ni wa kutazamwa. Niko na brama. Niko na wale wa kilemba, ambao manyoya ya kichwani yamewafunika macho mpaka wanagonga ukuta wakitafuta maji. Niko na kidimu, manyoya yote yamejikunja kurudi nyuma. Na niko na silki, weupe pe, wadogo, laini ukiwashika kama pamba. Watoto wa wateja wanawapenda silki kuliko wote, na mimi pia, sitaficha.

Mama mkwe hakumpenda hata mmoja. Kwake Makueni kuku anataga, anaatamia, na mgeni akija anachinjwa, basi. Kuku wa kutazama alimwona ni upuuzi wa watu wa town. Wa kilemba alikataa hata kuwapita karibu, akasema wamevaa kama waganga.

Alikuwa amekuja kwa sababu ya wageni. Binti yangu alikuwa amepata mchumba, kijana Mmaasai wa Mashuuru, mpole, fundi wa mambo ya sola, na siku ile mama ya kijana alikuwa anakuja kutuona kwa mara ya kwanza. Mume wangu alishafariki. Presha ilimwangusha kwenye kochi letu, na kabla hatujapata gari la kumpeleka hospitali akawa ameenda. Sasa kwa upande wa baba, neno lilibaki kwa mama yake. Mkamba hana mke kabla ya mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua mahari, kupokelewa, na mbuzi hao wangepokelewa tu kama yeye angesema wapokelewe. Akikataa, binti yangu angeweza kukaa na huyo kijana miaka yote na bado kwa watu wetu ahesabiwe ametoroka tu. Binti alilijua hilo. Wiki nzima alikuwa anamchemshia nyanya yake maji ya kuoga bila kuambiwa.

Na mama mkwe hakuwa na haraka ya kukubali. "Wamaasai walichukua ng'ombe wa babu yangu," alikuwa ananiambia. Nikamwambia huyu kijana hajachukua hata mbuzi. Akasema, "Bado."

Upande wa pili haukuwa rahisi pia. Kijana alishatuambia ukweli: mama yake alitaka mke wa kwao, na alikuwa amesema anakuja kuona tu, hajasema kingine. Mimi kwa hivyo nilikuwa nimekaa katikati ya wamama wawili ambao kila mmoja alikuwa anatafuta sababu. Woi!

Jambo moja tu mama mkwe alilishikilia. Lazima kuku achinjwe. Nilimweleza kwamba nimenunua mbuzi mzima, tayari yuko jikoni, na kwamba Wamaasai wa umri wa huyo mama hawali kuku, wanasema ni ndege. Vijana wao wanakula, lakini wazee hapana. Akaniuliza kama nimeolewa kwa Wakamba au nimeolewa kwa mbuzi. Mgeni wa ndoa akitoka nyumbani bila kuku kuchinjwa, alisema, huyo amefukuzwa, ale asile. "Sawa, mwaitu," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita mama. "Wacha niende soko nikuletee jogoo wa kienyeji. Lakini hawa wangu usiguse. Nakuomba."

"Kwani nimesema nitawagusa?"

Nikaenda. Ilikuwa siku ya soko na watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Jogoo niliowakuta walikuwa wembamba, mmoja ana mafua, na mimi siwezi kuingiza kuku mwenye mafua kwangu hata kama anaenda kwa sufuria. Nikazunguka. Nilipompata wa maana, mwekundu, mzito, simu ikalia. Ni binti yangu, alikuwa ameenda stage kuwapokea. "Mami, wamefika mapema. Tunakuja." Nilitembea nikikimbia, jogoo kwapani, anapiga makelele njia nzima, watu wananicheka.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na karai la maji ya moto. Manyoya meupe yalikuwa yanaelea kwenye maji, mengine yamemshika kwenye khanga na kwenye nywele. Kisu kilikuwa chini. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia sinia lililokuwa mbele yake.

Nilijua kabla sijafika. Alikuwa amechinja silki.

Sasa, mtu akinunua silki kwangu huwa namwambia, kwa sababu wengine wanashtuka. Silki ni mweupe kwa manyoya peke yake. Ngozi yake ni nyeusi. Nyama yake ni nyeusi, mfupa ni mweusi, hata matumbo yana weusi. Ndivyo Mungu alivyowaumba. Mama mkwe hakuwa mteja, kwa hivyo hakuna aliyemwambia. Alichoka kuningoja, akaona wageni watafika hakuna kitu, akachagua yule aliyemwona msafi kuliko wote ili awe baraka kwa mtoto. Akamchovya kwa maji, akavuta manyoya, na chini ya ule weupe akakuta kitu cha rangi ya makaa.

"Mwaitu," nikasema, "nilikuomba usiguse."

"Hii ni nini?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hii iko na nini ndani?"

"Ni kuku. Wako hivyo."

"Kuku hawako hivyo. Nimechinja kuku tangu nikiwa msichana. Sijaona hii." Akanyoosha kidole bila kugusa. "Hata mfupa. Nimekata mguu, hata mfupa."

"Ndiyo, hata mfupa. Ni aina yao."

Hapo ndipo aliponiangalia. "Hawa kuku uliwaleta mwaka gani?"

Sikuelewa mara moja anaenda wapi. Yeye akaendelea, pole pole, kama mtu anayepanga mawe. Waliletwa mwaka ule ule. Waliingia kwenye hii nyumba, na mtoto wake akatoka kwenye hii nyumba amebebwa. Mtu mzima, hajaugua, asubuhi amekula uji. "Nilijiuliza sana," akasema. "Sikupata jibu. Kumbe ilikuwa uani, umeivalisha nguo nyeupe."

Jameni. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini ile haikuwa hasira ya kawaida. Nilihisi masikio yanaziba. Mimi niliyemshika kichwa mume wangu kwenye lile kochi, mimi niliyelala njaa nikimlipia dawa za presha ambazo alikuwa anaficha chini ya godoro kwa sababu ati zinamfanya alegee, leo naambiwa nilimuua kwa kuku. Nikamwambia, "Mwanao aliuawa na kiburi cha kukataa dawa, na hicho kiburi alikitoa kwako." Nilimwambia hivyo, na sauti yangu ilikuwa juu.

Hakutetemeka. Alisema tu, "Ntheo haitapokelewa hapa. Na hao watu nitawaambia. Ni watoto wa watu, hawawezi kuingia kwa shimo na sisi tunaona."

Hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa anasema kwa ubaya, ningejua namna ya kupigana naye. Lakini aliamini. Alikuwa anaogopa kwa ajili ya mjukuu wake, na bado alikuwa tayari kuvunja ndoa yake kwa upendo huo huo.

Geti likagongwa.

Nilichukua kifuniko cha sufuria nikafunika sinia, nikalisukuma chini ya meza ya jikoni. Yule jogoo mwekundu nilimfungia bafuni. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe. "Mwaitu, nakusihi. Unichukie mimi. Usimfanyie mtoto hivi." Aliinuka akajipangusa manyoya kwenye khanga, akapita kando yangu akaenda kuketi sebuleni. Kumshika silki mwingine hapo hapo nimwonyeshe, kitu rahisi hivyo, hakikunijia. Hasira na hofu zilikuwa zimenifunga akili.

Wageni walikuwa watatu: kijana, mama yake, na ndugu mdogo wa baba yake, mzee mwenye shuka na fimbo. Binti yangu aliinamisha kichwa mbele ya yule mama, kama wanavyofanya watoto wa Kimaasai kwa wakubwa. Mkono wa mama ulikaa hewani kidogo kabla haujashuka kumgusa. Kijana naye akaja kuinamisha kichwa mbele ya mama mkwe wangu. Yeye akakiangalia tu kile kichwa. Kijana akangoja, akangoja, mwisho akajinyoosha mwenyewe akaenda kuketi. Binti yangu akanitupia jicho la kuuliza kuna nini. Nikamimina chai.

Nilimimina chai siku ile mpaka nikaichukia. Kila mama mkwe alipokohoa, niliinuka na birika. Kila alipofungua mdomo, nilimuuliza mtu kuhusu mvua. Mashuuru imenyesha? Kidogo. Nyasi ziko? Ziko, lakini si sana. Na njia? Ni mbaya. Mbuzi akaletwa, wakala vizuri, yule mzee akasifu nyama. Mama mkwe hakugusa sahani. Mama ya kijana aliona hilo, kwa sababu alikuwa mtu wa kuona. Aliketi wima, shanga zimetulia shingoni, Kiswahili chake kifupi cha sokoni, na macho yake yalipita kwenye kila kitu sebuleni mwangu mpaka yakafika kwenye picha ukutani.

"Huyu ndiye baba ya msichana?"

"Ndiye," nikasema.

"Pole. Nini ilimuua?"

Swali la kawaida kabisa. Mtu yeyote anayetaka kuoa kwenu atauliza. Nilifungua mdomo niseme presha, na kabla sijasema mama mkwe alikuwa ameshasimama.

"Ngoja nikuonyeshe kilichomuua," akasema.

Nilimfuata mpaka mlango wa jikoni nikamshika mkono. Akajinasua. Ni mzee, lakini amelima maisha yake yote, na mimi sikutaka kumwangusha mbele ya watu. Akatoka na sinia. Akaliweka kwenye meza ya kahawa, katikati ya vikombe, akaondoa kifuniko.

"Hii ndiyo iko kwa hii nyumba," akasema. "Nje ni nyeupe. Angalieni ndani. Mimi ni nyanya yake, nampenda, lakini sitawadanganya. Mjue mnaoa wapi."

Mzee alijivutia shuka puani. Kijana, ambaye kuku anakula kila wiki hapa Kitengela, nilimwona rangi ikimbadilika. Aliliangalia sinia, akamwangalia binti yangu, na binti yangu alikuwa ameshika kitambaa cha kochi kwa vidole vyote kumi. Nikajisemea, imeisha. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilibaki nimesimama na birika.

Mama ya kijana aliinama mbele. Akaangalia kuku. Akaangalia tena. Akageuka kwa mama mkwe wangu akamwita koko, yaani nyanya, kwa heshima kabisa.

"Koko," akasema, "kwani kuku huwa rangi gani?"

Mama mkwe hakuelewa. "Nini?"

"Ndani. Huwa rangi gani? Mimi sijawahi kuona ya kutolewa nguo. Sisi hatuli ndege."

"Si hii!" mama mkwe akasema. "Huwa mweupe! Mweupe na wekundu kidogo! Kila mtu anajua!"

"Mimi sijui," yule mama akasema. Hakuwa anatania. Alimuuliza mwanawe kwa Kimaa, mwanawe akajibu kwa kigugumizi, nadhani alimwambia kwamba ndiyo, wa kawaida si weusi. Yeye akatikisa kichwa kama mtu sokoni aliyeambiwa bei na bado hajaridhika. "Na mama yake huyu ni rangi gani? Baba yake? Watoto wake?"

Akili ikanirudia hapo. "Wako nje," nikasema. "Wote wako nje, njoo uone." Niliweka birika chini na nikamshika mama mkwe mkono, safari hii sikumwachia.

Tulitoka wote isipokuwa yule mzee, aliyesema yeye hawezi kukimbiza ndege na wanawake. Jua lilikuwa kali. Nilimkamata jogoo wa silki, nikamlaza kwenye mkono, nikampulizia kifuani kwa nguvu. Manyoya yakagawanyika na ngozi ikaonekana, nyeusi, na kuku mwenyewe mzima, ananiangalia kwa hasira zake. Nikamkamata tetea, nikapuliza, mweusi. Nikaokota kifaranga, manjano kidogo kwa juu, nikapuliza, mweusi. Mama ya kijana akasema na yeye ajaribu. Akapuliza mpaka manyoya yakamwingia puani, akapiga chafya, akacheka akiwa amefunika mdomo. Ndicho kicheko cha kwanza nilichokisikia siku ile. Binti yangu naye akaanza kucheka, halafu akawa analia, na kijana akamsogelea akasimama karibu naye bila kumgusa, kwa sababu ya wakubwa.

"Ni ukoo wao," yule mama akatangaza. "Mama mweusi, mtoto mweusi. Hii haina maneno." Kisha akaniambia mimi, bila kuzungukazunguka, kwamba msichana ana adabu, kwamba nyama ilikuwa na mafuta, na kwamba yeye angerudi na wazee, kama koko angekubali. Wote wakamgeukia mama mkwe.

Yeye alikuwa ameketi kwenye jiwe karibu na banda. Nilimwekea tetea mmoja mikononi. Nilidhani atamtupa. Alimshika kama mtu anayejua kushika kuku, vidole chini ya kifua, akainamisha uso akapuliza. Akaangalia. Akasogeza mkono mahali pengine, akapuliza tena. Akaomba mwingine. Binti yangu akamletea. Akapuliza.

"Wote?" akauliza.

"Wote, mwaitu. Wamezaliwa hivyo."

Akaendelea kuwapuliza. Wageni wakaanza kusogea pole pole kurudi ndani, wakidhani amechoka na jua. Kabla hawajafika mlangoni alisema kwa sauti ya kusikika, bila kuinua kichwa, "Waambie walete mbuzi." Nilisikia binti yangu akivuta pumzi.

Ningeondoka pia. Bado nilikuwa na hasira naye, kusema kweli, na maneno ya jikoni yalikuwa bado yananiwasha. Lakini hakuwa amemwachia yule kuku, na vidole vyake vilikuwa vinalaza manyoya aliyoyapuliza. Nikachuchumaa.

"Basi hakuna mtu aliyemfanya mtoto wangu kitu," akasema.

"Hakuna, mwaitu."

"Alikufa tu."

"Alikufa tu."

Akalia. Alilia kwa sauti, kuku yuko mapajani, mpaka wageni wakatoka tena mlangoni, na mimi nikawaashiria wamwache. Siku ya mazishi hakutoa chozi. Alikuwa anatuangalia mmoja mmoja usoni, kama anayemtafuta mtu.